Trii ya Saba Haipo Duniani

Kwetu Uluguruni mtoto huhesabiwa upande wa mama, na kwa desturi hiyo mjomba hana pa kujificha. Baba mzazi anaweza kukohoa kidogo, akakumbuka ana safari ya Mikese, akaondoka zake. Mjomba ataitwa tu. Zamani tuliitwa kwa mambo yenye kichwa na miguu: shamba la ukoo limemegwa na jirani, mpwa anataka kuoa, mpwa kampa mimba binti wa watu. Mnakaa kitako na wazee, kibuyu kinazunguka, jua likizama mmeshamaliza. Siku hizi naitwa kusoma matokeo ya mitihani, na kibuyu hakisaidii kitu.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani hapa mjini Morogoro, na nikiinua kichwa naiona milima, mawingu yakipenda. Chuo kikuu nimekiingia kwa shughuli moja tu, kupeleka majoho ya mahafali niliyoyapunguza urefu. Lakini ukoo mzima, kuanzia Nyandira hadi Mafiga, umekata shauri kwamba mtu anayeweza kutoa magauni matano ya kipaimara kwenye kitambaa cha magauni manne hawezi kushindwa na GPA.

Mwaka huu mpwa wangu kamaliza shahada. Chuo sikitaji. Morogoro hii ina Sokoine, ina Mzumbe, ina Chuo Kikuu cha Waislamu, ina Jordan. Ukimkwangua kijana kwa baiskeli barabarani, yaelekea ana GPA, na atakutajia kabla hajakwambia kaumia wapi. Huyu wetu alipopata yake alimpigia mama yake, dada yangu, ambaye muda huo alikuwa Nyandira, huko Mgeta, anashona midomo ya magunia ya njegere za kuleta Soko la Chifu Kingalu. Akamwambia kwa furaha: mama, nimepata tatu nukta saba.

Dada akakata simu. Akanipigia mimi.

“Kaka, mtoto kapata Trii.”

“Trii gani tena? Yuko chuo.”

“Trii ya saba. Kaitamka mwenyewe. Miaka mitatu nauza njegere, nimeuza na mbuzi wa maziwa, kaka, yule mweupe, halafu ananiletea Trii?”

Kumbe mtandao wa Mgeta, ambao siku zote hukatika mtu anapotaka kukulipa deni, siku hiyo ulikuwa safi kabisa. Nikasikia kila kwikwi.

Nikamwambia dada, Trii ya saba haipo duniani. Na hili nililijua vizuri, maana kidato cha nne ndicho kilichonisomesha somo hili, kwa watoto wa ukoo wote. Baraza la Mitihani linachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Unajumlisha. Ukipata kuanzia 7 hadi 17, hiyo ni Divisheni Wani. 18 hadi 21 ni Tuu. 22 hadi 25 ni Trii. 26 hadi 33 ni Foo. Na 34 na 35 ni ile ambayo nyumbani haitajwi mbele ya wageni. Kwa hiyo pointi saba haziwezi kuwa Trii. Pointi saba ni A saba, ni Wani ya saba, na anayeipata anapokewa kijijini kwa vigelegele.

“Basi kapata Wani!” dada akaruka.

Hapana, dada. Tulia kwanza.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mlolongo wa kidato cha nne unataka pointi chache: kadiri unavyokuwa nazo kidogo ndivyo unavyoheshimika. Mlolongo wa chuo unataka nyingi. Kule A ni 1, huku A ni 5. Nikamweleza dada kwa kitu ninachokishika kila siku: tepu yangu ya kupimia ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na moja ya upande huu iko palepale inapoishia namba kubwa ya upande ule. Ukiigeuza bila kuangalia, unamshonea mteja suruali ya kuvulia dagaa. Dada akanyamaza. Kisha akauliza: “Sasa kwa nini wasitumie upande mmoja?”

Swali hilo, waungwana, ningeomba lipelekwe Dodoma.

Maana mgeuko wenyewe haungoji hata mtoto afike chuo. Kidato cha sita, A ya Kemia kwenye cheti cha Baraza la Mitihani ni pointi 1, na mwenye A tatu ana Wani ya tatu, hakuna juu yake. Karatasi hiyohiyo ikishafika kwenye masharti ya Tume ya Vyuo Vikuu, A ile inageuka kuwa 5, B inakuwa 4, C inakuwa 3, D 2, E 1. Mtoto hajafanya mtihani mwingine. Hajafungua hata daftari. Kalala Mafiga kwa shangazi yake, kaamka, A yake imepanda kutoka moja hadi tano. Halafu anaambiwa kozi nyingi zinataka walau pointi 4 kwenye masomo yake mawili, na bibi yake huko mlimani anashangaa: nne si mbaya hiyo? Si ndiyo Foo?

Wakati fulani wakubwa walijaribu kunyoosha mambo, na hapo ndipo walipotumaliza kabisa. Wenye kumbukumbu wanakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa waliambulia sifuri, nchi ikatetemeka, na mwezi Mei 2013 serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Mwishoni mwa mwaka huohuo likaja wazo la kuiondoa sifuri na kuweka Divisheni ya Tano mahali pake. Kelele zikafika hadi bungeni, sifuri ikarudishiwa kiti chake. Kisha matokeo ya 2014, yaliyotangazwa Februari 2015, yakaja na GPA. Divisheni hakuna. Ukasikia watoto wa sekondari za kata wanaitwa Distinkisheni na Meriti, majina ambayo ukiyatamka sokoni Nyandira watu wanadhani ni mbegu mpya za karoti. Joyce Ndalichako, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza lenyewe, alipokuwa Waziri wa Elimu akaagiza divisheni zirudi, na matokeo yaliyotoka Februari 2016 yakarudi nazo.

Sina ugomvi na aliyezirudisha, ningempa kuku. Lakini tazameni uzuri wa hesabu ya kipindi kile. Mtoto mwenye D mbili na F tano, kwa divisheni, ana pointi 33: Foo, ngazi ya mwisho, ila kafaulu. Mtoto huyohuyo kwa GPA ile alikuwa na 0.3, na mstari wa kufaulu ulianzia hapohapo kwenye 0.3. Yaani kufaulu kule kule, kwa uzi uleule mwembamba, mmoja anakwenda nyumbani na thelathini na tatu, mwingine anakwenda na sifuri nukta tatu. Sasa niambieni mimi mjomba niwaeleze wazee wa ukoo kwamba hawa wawili wako sawa. Nilijaribu. Mzee mmoja alisema yule wa thelathini na tatu ndiye wa kusomeshwa, maana walau kaleta kitu cha kuhesabika.

Tukirudi kwa mpwa wangu na tatu nukta saba yake. Kwenye vyuo vyetu vingi mambo ni haya: alama 70 na kuendelea ni A, pointi 5, 60 hadi 69 ni B+, pointi 4, 50 hadi 59 ni B, pointi 3, 40 hadi 49 ni C, pointi 2, chini ya hapo unasikia maneno sup na kerii, ya kurudia mitihani na masomo, na ukizidisha unasikia disko, ile ya kuondolewa chuoni, ambayo haina muziki. Wastani wa mwisho ukiwa kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, wenyewe wanaita Apa, 2.7 hadi 3.4 ni Lowa, 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Kwa hiyo 3.7 ni Apa. Ukiigeuza kuwa herufi, kijana yuko kati ya B na B+, ila kaegemea B+. Ni matokeo mazuri. Nilimwambia dada hivyo, nikadhani nimemaliza, nikarudi kwenye pindo la sketi.

Dada akapiga tena. “Mbona kidato cha nne 70 ilikuwa B?”

Mnaona watu ninaoishi nao? Lakini dada alikuwa sahihi. Kidato cha nne A inaanzia 75. Kidato cha sita inaanzia 80. Chuoni inaanzia 70. Mtu angedhani kadiri unavyopanda ndivyo mlango unavyokuwa juu. Ukishafika kileleni wanaushusha. Mtoto mwenye alama 64 kidato cha nne ni C. Kidato cha sita akipata 64 bado ni C. Chuoni 64 ni B+, anapongezwa. Mwenye 42 ni D kidato cha nne, E kidato cha sita, na C chuoni. Mtu huyohuyo, kichwa hichohicho.

Mpwa mwenyewe alinieleza sababu, kwa ile sauti ya upole wanayotumia wasomi wakizungumza na mafundi. Alisema haya tumeyarithi kwa Waingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na kule Uingereza daraja la kwanza huanzia 70 hadi leo, kwa sababu mhadhiri wa mtindo ule hutoa 72 kama anayeitoa mfukoni mwake. Hata Sokoine, kabla ya kusimama yenyewe mwaka 1984, ilikuwa kitivo cha kilimo cha chuo hichohicho cha Dar es Salaam. Kwa hiyo, mjomba, sabini ya chuo si sabini ya sekondari. Nikamjibu, mjomba, mita ya kitambaa ni mita, uinunue kwa Mhindi au kwa Mchaga. Akatabasamu. Wasomi wakishindwa hutabasamu.

Lakini naye ana lake linalomkera, na hapo nilimwonea huruma. Kuna krediti. Mimi nilidhani unachukua pointi za masomo unagawa kwa idadi ya masomo, basi. Kumbe kila somo lina uzito wake. Ukipata A kwenye somo la krediti 6 na C kwenye somo la krediti 12, mjomba wa kawaida atasema tano na mbili ni saba, gawa kwa mbili, tatu na nusu, Apa! Tuchinje! Chuo kinasema: tano mara sita ni thelathini, mbili mara kumi na mbili ni ishirini na nne, jumla hamsini na nne, gawa kwa krediti kumi na nane: tatu kamili. Lowa. Rudisheni jogoo bandani. Ndiyo maana, aliniambia, wanafunzi hupiga msuli kwenye masomo mazito na yale mepesi huyapitia kwa madesa ya mwaka juzi.

Sasa yeye kwenye kikokotoo chake alipata 3.78. Lakini kuna vyuo ambavyo kanuni yao ni kukata, si kukadiria: tarakimu moja baada ya nukta, zinazobaki zinatupwa. Kwa hiyo 3.78 ikaandikwa 3.7. Ungesema ni jambo dogo, mpaka ujue kwamba kazi ya TA, ile ngazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo kikuu, inataka shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8. Kijana alikuwa anaitamani hiyo kazi tangu mwaka wa kwanza. Kakosa kwa vipande viwili vya mia, na hata hivyo vipande alivyokuwa navyo wamevikata wakaviacha sakafuni. Mimi nikikata kitambaa cha mteja, vipande narudisha kwenye mfuko wake. Ni sheria ya ufundi. Asiporudishiwa anauliza.

Haya yote tungeyamaliza kwa Kiluguru chetu, kama siyo shemeji wa Marekani. Kila ukoo unaye mmoja siku hizi. Wa kwetu yuko kule miaka mingi, na kwenye grupu la WhatsApp la ukoo ndiye mfadhili mkuu wa misiba na sherehe, kwa hiyo akikohoa tunasema pole. Alipoona mtu kaandika “kijana wetu kapata 3.7” alirusha mikono kumi ya makofi. Kule kwao GPA inaishia 4. A ni 4.0, na 3.7 ndiyo hasa A yenye alama ya kutoa, A kasoro kidogo. Kwa hesabu yake kijana alikuwa kakosa ukamilifu kwa sindano tu. Akatangaza hadharani kwamba ukumbi wa sherehe ni juu yake.

Nilitaka kuandika kwamba ya kwetu inaishia 5. Nikaanza. Dada akanitumia ujumbe pembeni: “Kaka, nyamaza.” Nikanyamaza. Mimi ni mtu wa ukoo.

Mpwa, kwa unyofu wa vijana waliosoma, ndiye aliyetuharibia. Akapiga picha transkripti yake nzima akaiweka kwenye grupu ili ajulikane yuko wazi. Shemeji akaifungua. Akaona 64. Akaona 61, 68, 66, 58, 72. Sasa kule kwao, shule nyingi, A huanzia 90; sabini na kitu ni C; sitini na kitu ni D. Kwa hiyo karatasi moja, juu inasema kwa Kimarekani kwamba mtoto ni A kasoro kidogo, na chini inasema kwa Kimarekani hichohicho kwamba mtoto ni D, D, D, D, chini ya D, na C moja ya kufutia machozi. Alituma alama moja ya kuuliza. Peke yake, bila neno. Kisha akaandika: “Huyu kijana anaumwa?”

Ikabidi nimpigie, kwa bando langu. Nikaanza kwa Waingereza wa 1961, nikapita kwenye krediti, nikamweleza tano na nne. Nikamwambia 64 ya huku si ya huko, na 3.7 ya huku nayo si ya huko, moja ni nzuri kuliko anavyodhani na nyingine si nzuri kiasi anachodhani. Akaniuliza basi ni ngapi kwa Kimarekani. Nikasema watu wa huko wanaobadilisha vyeti huchukua somo moja moja na kuligeuza, hawazidishi tu kwa nne wakagawa kwa tano, kwa hiyo mimi fundi siwezi kumpa namba. Akasema atafikiria kuhusu ukumbi. Tangu siku hiyo kwenye grupu anatoa dua tu.

Msimamo wangu katika yote haya niuseme, maana nimeulizwa na wateja. Divisheni ina ubaya wake, lakini inapanda mlima. Ukisema Wani, bibi asiyejua kusoma kule Nyandira anajua aanze kupika au asianze. Nukta haipandi mlima. Ikishafika njia panda ya Sangasanga inashuka garini, na namba zinafika juu zikiwa zimetengana, tatu huku, saba kule. Kama wakubwa wanaipenda sana GPA, basi wawe wanatoa na tepu: kila matokeo yaandikwe “kati ya tano” kwa herufi nene, mbele, siyo nyuma ya karatasi kwa maandishi ya kusomewa na sisimizi. Na binti wa mdogo wangu, anayesoma astashahada, ambako A ni pointi 4, ataingia stashahada ambako A ni 5. Naye huyo nimeshamwambia mapema, akipata matokeo ampigie baba yake.

Sherehe tutafanya nyumbani, turubai na viti vya kukodi. Kikao cha kwanza cha kamati kimeshapita, na kuna baba mdogo mmoja aliyetaka kujua kwanza kijana kapata ngapi kabla hajaahidi mchango, eti asije akatoa elfu hamsini kwa matokeo ya elfu ishirini. Tumekubaliana emsii asitaje namba yoyote. Atasema tu kwamba kijana wetu kapata Apa, muziki upigwe, watu wasimame.

Mama yangu, ambaye muda wote huo alikuwa anamenya njegere na hakuna aliyedhani anasikiliza, akainua kichwa.

“Apa ya ngapi?”